Siku Mama Mkwe Aliponiita kwa Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa kimya kidogo tu inanijia yote, mpaka na harufu yake ya dizeli. Ni siku tuliyokuwa tunafunga injini ya tabo kwenye pikapu ya mama mkwe wangu, nyumbani kwake Kigongo, si mbali na kivuko. Nilikuwa kijana, nina mke mpya na mikono yenye sifa. Nitakusimulia taratibu, na usinikatize. Ukinikatiza nasahau nilipofika, naanza upya, na atakayeumia ni wewe.

Kwanza ujue tulivyokuwa tunaishi. Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imekolea. Vitu ambavyo zamani ulikuwa unavisikia kwa waliofika Nairobi vikawa vinamwagwa chini sokoni, unachagua. Nguo za mitumba, redio, baiskeli, na injini. Ndiyo, injini! Zilikuja zimeshatumika huko Japani, zinashushwa Dar, zinapanda treni mpaka huku kwetu, na sisi mafundi tulizizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Wakati huohuo viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, na sangara akawa ndiye bwana mkubwa wa mji. Kila mwenye gari linalotembea alibeba samaki.

Mama mkwe alikuwa mjane. Marehemu mzee alimwachia nyumba, watoto wawili na pikapu moja. Watoto ni Kabula, mke wangu, na mdogo wake Faustine, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Kazi yao ilikuwa kuvuka kwenda Busisi, kununua samaki kwa wavuvi wa upande ule, kuwafunika kwa barafu na kuwawahisha kiwandani mjini kabla hawajalegea. Samaki akilegea kiwanda kinamkataa, unarudi naye nyumbani, na safari hiyo imeishia hapo.

Sasa pikapu ile ilikuwa imechoka. Kwenye vilima ikiwa na mzigo ilitoa moshi mweusi, wapanda baiskeli wanaipita huku wanampungia Faustine mkono. Mwishowe injini ikafa kabisa. Mama mkwe akabaki anawatazama wenzake wakipanda pantoni na yeye amekaa. Nyumba nzima ilikula kwa pikapu hiyo, na walimu wa watoto wa ndugu zake walikuwa wanasubiri ada kutoka kwake. Lawama hakumpa mtu, lakini Kabula aliniambia mama yake amepunguza kula.

Mimi nilikuwa na gereji bubu Pasiansi, kule Mwanza mjini, uwanja tu na kibanda cha mabati. Nikatafuta mpaka nikapata injini ya dizeli, kubwa kuliko ile ya zamani, yenye tabo, ile feni ndogo inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili ivute zaidi. Niliifungua yote. Nikaweka ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya, nikaifunga upya kwa subira ambayo leo sina. Nilipoiwasha chini, imekaa juu ya matairi makuukuu, ilitulia ikanguruma vizuri, na mafundi wa jirani wakaacha kazi zao kuja kusikiliza. Mwanangu, nilivimba kichwa. Tukaipakia kwenye lori la jamaa, tukaipeleka Kigongo, kwa sababu pikapu yenyewe ilikuwa imelala kule na haiwezi kuja.

Hapa lazima nikueleze jambo la ukoo wa mke wangu, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawashikani mkono. Hawatajani majina. Hawasemezani moja kwa moja, mpaka ufanyike utaratibu wa wazee, na wetu ulikuwa haujafanyika. Nikifika pale nasimama kando, nageukia upande wa barabara, nasema, "Kabula, mwambie mama shikamoo." Na mama naye anajibu kutoka jikoni, "Kabula, mwambie mgeni marahaba." Kabula mwenyewe yuko katikati, kashika kiuno, anasema, "Mmesikiana."

Kabula akiwa hayupo, mama mkwe alikuwa na njia yake. Alikuwa anaongea na kuku. Ndiyo, kuku! "Wewe kuku, mbona wageni wamekaa juani na kivuli kipo?" Basi mimi naelewa, nahamia kivulini. "Wewe kuku, chai inapoa." Nakwenda kunywa chai. Lakini kujibu, hapana. Kwa kanuni za pale, maneno aliyoambiwa kuku wewe hukuyasikia. Yakiwa ya maana, Kabula atayarudia, na ukishayasikia kwa Kabula ndipo unaruhusiwa kuyajua. Usicheke sana. Ilikuwa heshima ya kweli, na mimi niliipenda. Mama yule alikuwa ananipikia sangara kichwa kizima, kwa kumwambia kuku.

Basi, tukaanza kazi. Kuinua injini nyumbani hakuna mashine ya kisasa. Unachukua nguzo tatu za mkaratusi, unazifunga pamoja juu kwa waya, unazitanua chini, kisha unatundika winchi ya mnyororo pale kwenye kifundo. Nguzo mbili tulizichimbia mashimo, zikakaa. Ya tatu ilikataa. Unaijua Mwanza, unachimba kidogo unakutana na jiwe, na pale uani kwa mama mkwe kulikuwa na jiwe pana limelala usawa wa ardhi, karibu na jiko. Nguzo ya tatu ilibidi isimame juu ya jiwe lile. Nikaweka gunia chini yake, nikaizuia kwa mawe mengine, nikaisukuma kwa bega, haikutikisika. Nikaridhika.

Asubuhi ile Faustine alikuwa ameosha sehemu ya kukalia injini kwa sabuni na mafuta ya taa, maana ilikuwa imejaa oili ya miaka. Maji yale machafu yalishuka yakaelekea kwenye jiwe. Tuliyaona, tukaona yamekauka. Juu yalikuwa yamekauka, ni kweli. Chini ya gunia yalikuwa bado.

Tukaipandisha injini mpaka ikawa juu ya gari. Tukaisukuma pikapu chini yake, nikaanza kuishusha polepole. Kazi ngumu ya kufunga injini, mwanangu, iko kwenye kuiunganisha na giaboksi. Lazima ziingiliane sawasawa, na ile ya tabo ilikuwa na umbo kubwa, hivyo nafasi ilikuwa ya kuibia. Faustine akalala chali chini ya gari, anaelekeza giaboksi. Mimi nimeinama juu, mikono yote miwili imezama kati ya injini na bodi, natafuta tundu la bolti kwa vidole. Uzito wote ulikuwa bado umening'inia kwenye mnyororo.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anapara samaki. Nguzo ya tatu ilikuwa hatua chache mbele yake. Nami nilivyokuwa nimeinama, uso wangu ulielekea kulekule. Kwa hiyo nilikuwa nimekaza macho chini, ndani ya gari, kama mkwe mwenye adabu. Kabula alikuwa ametumwa dukani kuleta sukari.

Nikamsikia mama mkwe anasema, "Wewe kuku, mbona hiyo nguzo inatembea?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Sikudhani ni mzaha. Lakini kuitazama nguzo ile ilikuwa ni kumtazama yeye, tena na kitenge chake amekikunja magotini kwa ajili ya kazi ya samaki. Nikajiambia, Kabula anarudi sasa hivi, ataangalia. Chini ya gari Faustine alikuwa anagonga kwa nyundo, hakusikia kitu.

Akasema tena, sauti imepanda, "Kuku we, nasema nguzo inaondoka! Hakuna mtu wa kumwambia huyo bwana?"

Na mimi, mwanangu, nikasubiri. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote mawili na bado nasubiri niruhusiwe kuyajua. Nikasikia kandambili njiani, nikafikiri ndiye Kabula huyo. Kumbe alikuwa mpita njia.

Ndipo nikasikia jina langu.

"Lichadi! Toa mikono! Lichadi! Faustine, toka huko!"

Jina langu Richard, lakini Kigongo nzima ni Lichadi, kama gari lilivyo gali, na mimi mwenyewe ukinikasirisha linanitoka hivyohivyo. Sasa kinywani mwa mama yule halikuwahi kupita. Lilinipiga kuliko kofi. Nilichomoa mikono kabla sijafikiri, nikainua uso, nikamwona. Alikuwa ameruka kutoka kwenye kigoda, samaki wamemwagika, ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili, bega limeegemea, miguu inateleza kwenye jiwe. Mama mzima wa umri wake anashikilia injini ya dizeli isimwangukie mwanawe.

"Mvute!" akasema. "Mvute mwanangu!"

Nikazunguka, nikaona miguu ya Faustine inapapasa chini ya gari. Nikaikamata vifundoni, nikavuta kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo. Shati lake lilinasa mahali, likachanika, akatoka nalo nusu. Nikamwambia mama mkwe, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Mama, achia! Achia!" Akaachia. Nguzo ikaruka, ikampiga begani ikamwangusha, na injini ikashuka yote kwa mara moja. Gari lilichuchumaa. Giaboksi ililala pale ambapo kifua cha Faustine kilikuwa.

Kisha mnyororo ukabaki unaning'inia, unalia.

Faustine alikaa vumbini, uso mweusi kwa oili, akaanza kucheka kama mwehu, kisha akalia. Mimi nikamkimbilia mama mkwe, nikamwinua kwa mikono yangu. Nikamshika kabisa, mabegani. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikaona Kabula amefanana naye mpaka kwenye kidevu. Aliniuliza, "Vidole vyote vipo?" Nikamwonyesha. Akavishika kimoja kimoja. Halafu ni kama alizinduka, akavuta kitenge, akafunika uso, akaingia ndani akafunga mlango.

Kabula alirudi na sukari akakuta gari limekaa chini, mdogo wake hana shati, mama yake kajifungia, na mume wake kasimama katikati ya samaki. Akasema, "Jamani, nimekwenda dukani tu!"

Mama mkwe hakutoka ndani siku ile. Alimwambia Kabula kupitia dirishani kwamba ameshamtaja mkwe wake jina, tena kwa kelele, majirani wamesikia, na ameshikwa mabegani kweupe, atauweka wapi uso wake. Mimi nilitaka kukimbilia Pasiansi. Aibu ilikuwa inanichoma. Nilimwambia Kabula tuondoke, nitatuma fundi mwingine amalizie. Kabula akanitazama akasema, "Mama amekuokoa mikono halafu unamkimbia?" Nikakaa.

Akaitwa baba mkubwa wa Kabula, Mzee Shija, kaka wa marehemu mzee, aliyekuwa anaishi ng'ambo, Busisi. Kesho yake alivuka na pantoni ya kwanza, fimbo mkononi, kofia kichwani. Sote tulijua anakuja kuamua kosa. Akasikiliza kila mtu. Akalitazama jiwe, akalitazama gunia, akachungulia chini ya gari pale palipolala giaboksi. Alikaa muda amechuchumaa hapo. Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa mekundu, na hasira yake yote aliielekeza kwangu.

"Ulimsikia alipomwambia kuku?"

"Nilimsikia, mzee."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Na ulifanya nini?"

"Nilisubiri Kabula, mzee. Kwa heshima."

Akapiga fimbo chini. "Heshima ya nani? Sisi tumewatenganisha wewe na mkweo ili msigombane. Ili nyumba ipoe. Nani alikwambia tumewatenganisha ili mwanangu afe? Unamheshimu mama wa watu huku unamwua mtoto wake? Huyo mama alikuwa anakulilia, wewe unasubiri mkalimani! Kijana mzima, una masikio mapana kama ungo!"

Sikuonewa. Alinisema mpaka Faustine mwenyewe akaanza kunionea huruma, akataka kusema neno, naye akaambiwa anyamaze, shati aliloazima halimpi haki ya kuongea.

Kisha Mzee Shija akaenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe, sauti ikashuka kabisa. Akamwambia, "Mke wa ndugu yangu, toka. Hujavunja kitu. Huyu kijana ataleta mbuzi, tutakula pamoja, na njia kati yenu itakuwa imefunguliwa. Ukipenda, jina lake tutalihesabu kama halikutajwa."

Halafu kitasa kikalia, mama mkwe akatoka, mkono umefungwa kwa kitenge kwa ajili ya bega. Akasimama mbele yetu sote, akanitazama usoni.

"Mbuzi nitamla," akasema. "Jina silirudishi. Huyu ni Lichadi. Nikimwona anataka kufa nitamwita Lichadi, na nikimwona amekonda nitamwita Lichadi aje ale."

Mzee Shija alicheka mpaka akakaa chini. Nami, mwanangu, sitakuficha, nilitoa machozi mbele ya wanaume wenzangu.

Tulirudi kazini. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka, nikaichomelea. Mpira mmoja wa kukalia injini nikaubadilisha. Nguzo tulizihamishia upande wa pili wa uwanja, kwenye udongo wa kuchimbika, zote tatu zikaingia mashimoni, gari tukalisukuma kulifuata huko. Na safari hii mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa pembeni kabisa, kazi yake kutazama nguzo. "Lichadi, shusha. Lichadi, subiri, huyu Faustine ametoa kichwa? Haya, shusha." Injini ikaingia, ikaumana na giaboksi, nikafunga bolti ya mwisho jua likiwa bado juu. Tukaiwasha. Tabo ikapiga mluzi wake mwembamba, na mama mkwe akaziba masikio huku anacheka. Nilimkataza Faustine asiikimbize mwanzoni, injini mpya inazoeshwa taratibu, na kwa sababu mama alikuwa amekaa kando yake, alitii. Baadaye walipanda vile vilima na samaki mpaka juu, na watu wa baiskeli wakabaki nyuma.

Sasa nisikilize, ninachotaka kukwambia ni hiki. Heshima ni nzuri. Amkia wakubwa, inama, nyamaza panapotakiwa kunyamaza, usiwe kama hawa wanaosema ovyo wakadhani ndiyo kusoma. Lakini heshima imewekwa ili watu waishi pamoja, na ikifika mahali mtu anaweza kuumia, hiyo heshima iweke chini kwanza, mtaiokota baadaye. Ukiona bosi wako anakosea kwenye jambo la uhai, sema. Ukiona mzee anaelekea shimoni, mshike mkono hata kama hujawahi kumshika. Na lile la pili, ambalo vijana mnalisahau, ni la upande wa anayesikia. Mtu mwingine hawezi kukwambia wazi. Ana mila yake, ana woga wake, ana cheo kidogo, anakwambia kwa kuzunguka. Mkeo anaweza kukwambia kupitia mtoto. Kibarua wako anaweza kukwambia kwa kujikohoza. Ukishaelewa, umeelewa. Usijifanye hujasikia kwa sababu halikuja kwa mlango wa mbele. Inua uso utazame.

Mama mkwe ametutoka, tumemzika hapohapo Kigongo. Faustine yupo, ana mvi kuliko mimi, na wajukuu zake wanacheza juu ya jiwe lile. Nikiwatazama nafikiri kwamba hawa wote walikuwa chini ya gari siku ile, pamoja na babu yao, na mimi nilikuwa nasubiri sukari irudi kutoka dukani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akulindie mikono yako na macho yako. Akupe nyumba yenye watu wanaoheshimiana. Na humo ndani asikosekane angalau mmoja wa kuliita jina lako kwa sauti, siku ambayo wengine wote watakuwa wanaona haya.